Sura ya Sita: Pikipiki Usiyoigusa

Anayenunua pikipiki kuukuu kwa jirani hupata nafasi ya kuikagua kwa macho, masikio na mikono. Huipiga kiki ikiwa ya baridi, husikiliza injini ikitulia, huinama kutazama kama oili inavuja kwenye shoksi za mbele, na akiwa na shaka humpigia fundi wake aje. Anayenunua kutoka Japani au Uingereza hana hata moja kati ya hayo. Kinachomfikia kwanza ni picha, kisha maelezo, kisha karatasi, na mahali fulani katikati ya karatasi hizo hutakiwa kutuma fedha. Pikipiki yenyewe humfikia mwisho. Tapeli anaujua mpangilio huo vizuri kuliko mnunuzi. Anajua pia kwamba baada ya kulipa, mnunuzi atakaa wiki nyingi akijiambia kuwa meli huchelewa, na subira hiyo ndiyo inayompa yeye muda wa kuzitoa fedha benki na kupotea.

Katika sura hii nakuomba ushike jambo moja, na mengine yote yatajengwa juu yake. Karatasi, namba ya simu au tovuti haithibitishwi na mtu yule yule aliyekupa. Muuzaji akuletee anachotaka kukuletea, lakini uthibitisho uutafute mahali ambapo yeye hana mkono.

Tuanze na bei, maana ndipo wengi wanaponaswa. Pikipiki zilizojaa barabarani kwetu ni za India na China, za injini ndogo, na wengi huzinunua mpya dukani. Anayetazama soko la Japani kwa kawaida anatafuta kitu kingine: Yamaha Serow ya kupanda milima ya Upare, Honda CRF250L ya kazi za porini, au Honda CB400 Super Four kwa mwenye mapenzi na pikipiki kubwa. Shida ni kwamba Wajapani nao wanazipenda hizo hizo. Leseni yao ya kawaida ya pikipiki inaishia 400cc, na pikipiki zisizozidi 250cc hazipiti ule ukaguzi wa lazima wa serikali unaogharimu fedha nyingi, kwa hiyo madaraja hayo mawili yana wateja wa kutosha nyumbani kwao. CB400 Super Four ilipoacha kutengenezwa mwaka 2022, zilizotumika zikazidi kutafutwa. Mfanyabiashara wa Japani mwenye pikipiki ya namna hiyo anaweza kuipeleka kwenye mnada wa wafanyabiashara, kama ule wa BDS au wa JBA, akaiuza kwa bei ya soko bila kuandikiana barua na mtu asiyemjua aliye Dar es Salaam. Kwa nini basi akuuzie wewe kwa nusu ya bei hiyo?

Bei ya soko la kwao haijafichwa. Tovuti ya Goobike huonyesha pikipiki zilizotumika zinazouzwa madukani kote Japani, pamoja na bei, mwaka na kilomita. Imeandikwa Kijapani, lakini programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu yako inatosha kusoma tarakimu. Tafuta modeli unayoitaka, tazama matangazo kumi au ishirini, upate picha ya bei. Kisha kumbuka kuwa juu ya bei ya pikipiki kuna kuisafirisha hadi bandarini, kuifunga kwenye kreti, nauli ya meli inayopigwa kwa ujazo wa mzigo, na faida ya muuzaji. Anayekupa bei ya kufikisha Dar es Salaam iliyo chini ya bei ya dukani Yokohama hana pikipiki. Usimwombe maelezo, kwa sababu maelezo anayo: baba yake amefariki na familia inauza haraka, au yeye ni mwanajeshi anayehamishwa, au ni mtumishi wa Mungu anayetaka kuwasaidia Waafrika. Hadithi hizo zimetungwa na watu wenye uzoefu, na ukizisikiliza kwa muda mrefu utaanza kuona aibu kumshuku mfiwa.

Bei ikiwa ya kuaminika, mwulize muuzaji ni nani. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba ya kampuni yenye tarakimu 13, na tangu mwaka 2015 mamlaka ya kodi ya nchi hiyo huziweka namba hizo kwenye tovuti ya wazi yenye kurasa za Kiingereza pia. Anayefanya biashara ya vitu vilivyotumika hutakiwa kuwa na kibali cha Tume ya Usalama wa Umma ya mkoa wake, nacho kina namba ya tarakimu 12. Mwombe zote mbili. Muuzaji halali huzitoa bila kinyongo, na mara nyingi zimeshaandikwa chini ya tovuti yake. Kipo pia chama cha wanaouza magari yaliyotumika kutoka Japani kwenda nchi nyingine, JUMVEA, unachoweza kukiuliza kama kampuni ni mwanachama wake.

Hata hivyo, usiridhike mapema. Matapeli wengi hawaanzishi kampuni ya uongo. Huchukua jina la kampuni ya kweli, wakanakili tovuti yake, picha zake na hata namba yake ya tarakimu 13, wakabadilisha simu na barua pepe tu. Ukiitafuta kampuni utaikuta, na anwani yake ipo kwenye ramani. Hapa ndipo ile kanuni yetu inapofanya kazi. Ukishaipata kampuni katika daftari la serikali, itafute simu yake mahali pengine, nje ya tovuti uliyotumiwa, uipige, uulize kama wanaijua ankara uliyoandikiwa na mtu anayekuandikia. Wauzaji wanaofanya kazi na Afrika Mashariki huwa na mtu anayezungumza Kiingereza, na baadhi wana wahudumu wa Kiswahili. Dakika tano za simu ya kimataifa ni gharama ndogo sana. Angalia vilevile tovuti ilisajiliwa lini; taarifa hiyo hutolewa bure na huduma za kuchunguza majina ya tovuti, ikiwemo ya shirika la ICANN. Kampuni inayojinadi kuwa imekuwapo tangu 1998 huku tovuti yake ina miezi mitatu ina jambo la kueleza.

Watu wengi hushauri kutazama anwani kwenye picha za barabarani za Google na kukimbia ukiona nyumba ya kawaida. Mimi siukubali ushauri huo moja kwa moja. Japani wapo wafanyabiashara wadogo, waaminifu kabisa, wanaofanyia kazi nyumbani na kukodi uwanja wa kuhifadhi vyombo kando ya mji. Nyumba peke yake haimtii mtu hatiani. Yachukue mambo yote kwa pamoja.

Sasa pikipiki yenyewe. Pikipiki iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani haina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 tuliyoizoea kwenye vyombo vya nchi nyingine. Ina namba ya fremu: msimbo wa modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba. Imegongwa kwenye chuma cha kichwa cha fremu, pale usukani unapozungukia. Msimbo huo wa mwanzo unasema mengi. CB400 Super Four yenye namba inayoanza na NC31 ni ya miaka ya tisini. NC39 ilianza mwaka 1999, na NC42 ikaja mwishoni mwa 2007. Kwa hiyo akikuandikia kuwa anauza CB400 ya mwaka 2012 halafu picha ya fremu inaonyesha NC31, huna haja ya kuendelea. Honda CRF250L ya kwanza ni MD38. Serow ya 250cc ni DG11J, DG17J au DG31J. Misimbo ya modeli unayoitaka uijue kabla ya kuanza kuzungumza na mtu yeyote.

Mwombe picha ya namba hiyo ikiwa imepigwa karibu, na pembeni yake karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Miaka michache iliyopita ningesema picha hiyo inatosha. Leo picha hutengenezwa na kompyuta kwa sekunde chache, na hata video. Omba simu ya video, muuzaji akiwa mbele ya pikipiki, na wewe ndiye umwelekeze: onyesha fremu, sasa namba ya injini, sasa washa, sasa funga breki ya nyuma. Mtu mwenye pikipiki uwanjani atafanya hivyo kwa dakika kumi. Asiye nayo atakuwa na mtandao mbovu, kamera iliyovunjika, au mkutano.

Kisha karatasi za Kijapani. Mnunuzi wetu hutumiwa hati iliyojaa herufi asizozisoma, yenye muhuri mwekundu, akaona ni ya serikali kwa sababu haielewi. Mambo mawili yatakusaidia. La kwanza, hati hutofautiana kwa ukubwa wa injini. Pikipiki isiyozidi 125cc husajiliwa kwenye ofisi ya manispaa. Zinazozidi hapo zinashughulikiwa na ofisi za usafirishaji, na zilizozidi 250cc ndizo zenye hati ya ukaguzi, ule unaofanyika miaka mitatu baada ya kusajiliwa mpya na kila baada ya miaka miwili kutoka hapo. Muuzaji anayekupa hati ya ukaguzi ya Serow amekupa karatasi ambayo pikipiki hiyo haijawahi kuwa nayo. La pili ni miaka. Hati za Japani mara nyingi huhesabu kwa enzi za wafalme. Ukiona Heisei 27, ongeza 1988, unapata 2015. Reiwa 3, ongeza 2018, unapata 2021. Showa 63 ni 1988. Ukibadilisha mwaka kwa njia hiyo na tangazo likasema mwaka mwingine, umekamata uongo kwa hesabu ya shule ya msingi. Kumbuka pia kuwa mwaka wa kusajiliwa na mwaka wa kutengenezwa si lazima vilingane, nayo forodha itakuuliza umri.

Kilomita ndiyo sehemu ngumu, na hapa nakueleza ukweli usiofurahisha. Kwa pikipiki zilizozidi 250cc, kilomita huandikwa wakati wa ukaguzi, kwa hiyo zipo kumbukumbu za kulinganisha. Kwa 250cc kurudi chini hakuna kumbukumbu hiyo ya serikali. Mita hufunguliwa na kubadilishwa kwa bisibisi. Kama pikipiki imepita mnadani, omba karatasi ya mnada: wakaguzi wake hupima injini, sehemu ya mbele, fremu, sehemu ya nyuma, umeme na muonekano, wakatoa alama kwa kila sehemu, na huandika pia kama mita ina mashaka. Mtafute Mjapani au mwanafunzi wetu aliyeko huko akusomee maelezo ya mkono ya mkaguzi, kwa kuwa ndiyo yenye habari. Pasipo karatasi hiyo, zichukulie kilomita kama maneno ya muuzaji, utazame mpira wa kishikio, sehemu za kukanyagia na meno ya sproketi. Pikipiki ya kilomita 6,000 haina sehemu ya kukanyagia iliyolika hadi chuma.

Uingereza ni rahisi zaidi kwa jambo hili. Pikipiki yenye zaidi ya miaka mitatu hupimwa kila mwaka, na historia ya vipimo hivyo, pamoja na kilomita au maili za kila mara, iko bure kwenye tovuti ya serikali ya nchi hiyo. Unachohitaji ni namba ya usajili. Muuzaji anayeficha namba ya usajili kwa kisingizio cha faragha anakunyima historia hiyo. Na ile hati yao ya usajili, V5C, yenyewe imeandikwa kuwa si uthibitisho wa umiliki. Dai risiti ya mauzo.

Nifike kwenye fedha, ambapo ningependa usome polepole.

Utapeli unaoumiza zaidi humpata mnunuzi aliyefanya kila kitu sawasawa. Chukua mfano wa mtu wa Mwanza aliyepata kampuni ya kweli, pikipiki ya kweli, akapatana bei na akapokea ankara ya awali. Kumbe mwizi ameshaingia kwenye barua pepe ya upande mmoja na amekuwa akisoma mazungumzo kwa wiki mbili bila kusema neno. Siku ya malipo inapofika, mnunuzi hupokea ujumbe kwa lugha ile ile, nembo ile ile, namba ya ankara ile ile, ukisema benki yetu iko kwenye ukaguzi wa hesabu, tafadhali tumia akaunti hii mpya. Anwani ya barua pepe imetofautiana kwa herufi moja, au haijatofautiana kabisa. Anatuma. Baada ya siku tano muuzaji wa kweli anauliza fedha ziko wapi. Hapo wote wawili ni waaminifu na wote wawili wamepoteza.

Dawa yake ni moja: kabla ya kutuma, piga simu kwa namba uliyoipata mwanzoni, kabla ya mazungumzo ya malipo, ukasomewe namba ya akaunti kwa sauti. Mabadiliko ya akaunti yakija kwa ujumbe, yachukulie kuwa ni wizi mpaka sauti unayoijua ikuthibitishie vinginevyo.

Na akaunti yenyewe husomeka. Msimbo wa SWIFT una herufi nane au kumi na moja, na ya tano na ya sita hutaja nchi ya benki. Benki ya Japani itakuwa na JP, kama ilivyo kwa MUFG ambayo msimbo wake ni BOTKJPJT. Ukiona GB, AE au HK kwa muuzaji anayesema yuko Nagoya, fedha zako haziendi Nagoya. Japani pia haitumii namba za IBAN. Ankara ya kampuni ya Kijapani yenye IBAN inakupeleka kwenye akaunti ya nchi nyingine. Jina la akaunti liwe jina la kampuni, herufi kwa herufi, lisiwe la mtu binafsi, wala la “mkurugenzi wa fedha”. Malipo kwa Western Union, kadi za zawadi au sarafu za kidijitali yakatae bila majadiliano. Vilevile mkatae mtu wa kati aliyependekezwa na muuzaji, kwa sababu tovuti za kutunza amana za uongo ni sehemu ya utapeli huo huo. Kama unataka mtu wa kati, mchague wewe.

Soma pia masharti ya bei. CIF ina bima ndani yake; C&F haina. Wauzaji wengi wa Japani huandika C&F, na wanunuzi wetu huisoma kama CIF. Huo si utapeli, lakini pikipiki ikianguka ndani ya kontena hasara ni yako.

Baada ya malipo utapokea hati ya shehena, ile ambayo mawakala wa bandarini huiita BL. Iwe na jina lako kama mpokeaji, namba ya fremu ile ile, jina la meli na namba ya safari. Kontena huwa na herufi nne, ya nne ikiwa U kwa kawaida, na tarakimu saba. Meli ina namba ya IMO ya tarakimu saba. Zote zinatafutika mtandaoni. Lakini usidanganywe na meli kuonekana baharini. Tapeli huandika jina la meli ya kweli inayokuja kweli Dar es Salaam, na mnunuzi hufuatilia kitone kwenye ramani kila jioni akiamini pikipiki yake imo. Anayeweza kukuambia kama imo ni kampuni ya meli. Ingiza namba ya BL kwenye tovuti yake, au nenda kwenye ofisi ya wakala wake Dar es Salaam na nakala mkononi uulize. Usisubiri meli ifike.

Mlango wa mwisho wa matapeli uko hapa hapa nyumbani. Ujumbe unakuja kwamba mzigo wako umezuiliwa, kuna faini, tuma fedha kwa namba hii ya simu leo kabla ya saa kumi. Malipo ya serikali ya Tanzania hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Ushuru hautumwi kwenye simu ya mtu. Mwajiri wakala wa forodha aliye kwenye orodha ya wenye leseni ya TRA, na umwajiri kabla ya kununua, akukadirie kodi na akueleze matakwa ya TBS ya wakati huo, kwa kuwa taratibu za ukaguzi hubadilika. Namba za simu za matapeli ziripoti kwa ujumbe kwenda 15040.

Ikiwa unasoma ukurasa huu ukiwa umeshatuma fedha na moyo unakuambia kuna tatizo, funga kitabu uende benki sasa hivi. Omba wasitishe au waombe kurudishiwa muamala huo. Kinachoamua ni saa, na siku ya tatu mara nyingi imechelewa. Toka benki nenda polisi, na ankara, uthibitisho wa malipo na mazungumzo yote bila kufuta hata neno moja, kwa sababu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayatambua makosa haya na mpelelezi anahitaji ushahidi. Iandikie pia kampuni ambayo jina lake limetumiwa.

Baada ya hapo atakuja mtu mwingine, mara nyingi kupitia WhatsApp, akisema ni mwanasheria au mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa na anahitaji malipo kidogo ya kufungulia faili. Anajua kiasi ulichoibiwa kwa sababu ameuziwa jina lako na aliyekuibia, au ndiye yeye. Usimlipe. Waeleze wenzako, kijiweni, kwenye kikoba na kanisani au msikitini, jina la tovuti iliyokuibia na akaunti iliyotumika. Wanaoibiwa hunyamaza kwa aibu, na tovuti ile ile huendelea kuuza.